Mama Pasi na Vikapu Tisa vya Msituni

Sogeeni, enyi mliokaa na mliosimama! Wewe unayemenya viazi, weka kisu chini. Wewe unayetafuta rimoti, iache, itajitokeza yenyewe. Na watoto wanyamazishwe kwa chochote kilichopo mezani. Maana leo nasimulia habari kubwa, habari ya vita iliyopiganwa mchana kweupe katikati ya miti, bila mkuki wala ngao, kwa kisahani kimoja cha plastiki chenye rangi ya machungwa. Nani alishinda, nani alipoteza viatu, na nani alinyamaza wakati wote walipongoja aseme, yote mtayasikia. Nami kwanza naomba kwa Mwenyezi Mungu anijalie pumzi ya kuifikisha habari hii mwisho, na anizuie nisiongeze chumvi kuliko ile iliyokuwamo tayari. Amina.

Palikuwa na mwanamke, dobi kwa kazi, ambaye mtaa mzima ulimwita Mama Pasi. Naam, Mama Pasi, Mnyoosha Makunjo, Mtiisha Kola, yeye ambaye mbele yake hakuna shati lililowahi kusimama na kiburi chake! Chumba chake cha kazi kilikuwa na meza ndefu iliyotandikwa blanketi kuukuu, kamba zilizopita juu kutoka ukuta hadi ukuta, na mvuke uliomfanya kila mteja aingie akipangusa miwani. Kwa kuwa hakujua kuandika majina ya watu, alishona uzi kwenye pindo la kila nguo: mwekundu wa mwalimu, wa buluu wa fundi bomba, wa kijani wa yule bwana anayebishana. Lakini rangi za uzi zina mwisho, na wateja walikuwa wakiongezeka. Tena moyoni mwake alikuwa na kiu ya siku nyingi: alitaka kusoma maneno ya sala kwa macho yake mwenyewe, badala ya kumngoja msomaji ambaye kila mara ana haraka ya kwenda mahali.

Basi shule ya jioni ikafunguliwa, Jumanne na Alhamisi, saa zile zile ambazo wateja hutoka makazini na kupitia nguo zao. Nani angekaa dukani? Mumewe, Fundi Baiskeli, mpole wa wapole, saa hizo huwa amelala chali chini ya baiskeli za watu, na akigusa shati jeupe halibaki jeupe. Aliyebaki chini ya jua alikuwa mmoja tu: wifi yake.

Na huyo wifi, jamani! Dada mkubwa wa Fundi Baiskeli, karani wa posta, Malkia wa Dirisha la Mwisho, Mtesa Bahasha, ambaye watu walimpachika jina la Muhuri. Wala hawakumwita hivyo kwa mapenzi. Kwa miaka yote aliyokaa pale dirishani, hakuwahi kugonga muhuri juu ya kitu kisicho sawa. Meneja wake alimwomba, akakataa. Padri alimwomba, akakataa huku akiomba baraka.

"Mimi nikukalie dukani?" alinena Wifi Muhuri, akatua kikombe mezani kwa kishindo cha ofisini. "Wifi yangu, nakupenda, lakini nakujua. Ulianza kufuma sweta. Mdogo wangu mpaka leo anavaa sweta lenye mkono mmoja."

"Linanitosha," akasema Fundi Baiskeli.

"Nyamaza, wewe. Ulianza kwaya, ukatoka kabla ya ubeti wa pili. Ukaanza kufuga sungura..."

"Sungura walitoroka, wifi!"

"Walitoroka kwa sababu banda lilikuwa halijaisha! Huu ndio ugonjwa wako, wifi. Unaanza kama radi, unamaliza kama moshi wa mshumaa. Nikuache uende shule, wiki ya tatu utakuwa umerudi nyumbani, na mimi nimeshaunguza suruali za watu bure."

Na sweta lenyewe lilikuwa pale pale, mbele ya macho ya wote, likinywa chai kwa mkono wake mmoja.

Hapo Wifi Muhuri akatoa tamko lake. Yapaswa mjue kwamba tangu ofisi yake ilipowapeleka wafanyakazi kunyoosha viungo, alikuwa ametekwa na mchezo mmoja wa ajabu. Katika msitu ulio nje ya mji wamesimika nguzo za chuma, na kila nguzo ina kikapu cha chuma kiunoni na minyororo inayoning'inia juu yake kama hereni. Mchezaji husimama mbali, hurusha diski, huifuata ilipoangukia, hurusha tena, mpaka iingie kikapuni. Ni hilo tu. Ila kati ya mchezaji na kikapu ipo miti, na miti haina huruma.

"Jumamosi tutaenda," alisema Muhuri. "Vikapu ni tisa. Ukivimaliza vyote, usiruke hata kimoja, kwa diski moja hiyo hiyo, kabla mlinzi hajafunga geti, basi Jumanne nitasimama nyuma ya meza yako. Ukiacha hata kimoja, habari za shule zisisikike tena ndani ya familia hii."

"Na nikimaliza nimechoka?"

"Hata ukimaliza unatambaa."

"Nimekubali," alisema Mama Pasi, na kwa mbali, nasikia, pasi yake ilitoa mvuke yenyewe.

Ikafika Jumamosi. Tazameni jeshi lilivyotoka! Mbele Wifi Muhuri, kofia kichwani, begi la diski begani, diski za karibu na za mbali, za kupinda kushoto na za kupinda kulia. Katikati Mama Pasi, amevaa viatu vya kutokea kwa kuwa ndivyo vilivyokuwa karibu na mlango, diski yake ya machungwa kifuani. Nyuma Fundi Baiskeli na sweta lake, Mbeba Chupa ya Chai, ambaye hakuwa upande wa mtu yeyote na aliogopa pande zote mbili. Nao msitu ukawapokea kwa kimya kizito: miti mirefu, mizizi iliyokatiza njia, majani makavu yanayosema kila unapokanyaga.

Sasa, watu hawa walikuwa na desturi yao. Katika familia ile hakuna jambo linaloanzwa bila sala. Hawawashi jiko, hawafungui mwavuli, hawapandi ngazi. Anayeanza husali kwa sauti, wengine huinamisha vichwa, na jambo lenyewe hufanyika neno "Amina" likitamkwa, si kabla wala si baada. Ni desturi njema, nami siicheki. Lakini haikuwahi kujaribiwa msituni.

Wifi Muhuri alitangulia. Aliombea diski, akaombea upepo, akaombea waliosafiri, akaombea barua zisizo na anwani. Kisha "Amina," na diski yake ikapaa kwa heshima zote na kutua hatua chache kutoka kikapuni.

Akaja Mama Pasi. Akasimama kwenye saruji ya kuanzia, akafumba macho kama alivyofundishwa na mama yake, akanena, "Bwana, nipe mkono, nipe shule, Amina!" Na pale pale kwenye Amina, macho yamefumbwa vilevile, akarusha.

Diski ilikwenda ubavuni. Ilipita juu ya bega la Wifi Muhuri, ikamkwepa njiwa wa porini aliyekuwa na shughuli zake, ikampiga Fundi Baiskeli kwenye chupa ya chai, nayo ikalia ngo! kama kengele ya shule.

"Mke wangu," alisema Fundi Baiskeli, akiikagua chupa, "kikapu kiko kule."

"Najua kiko wapi. Ndiyo maana nimeomba."

Hivyo ndivyo walivyoanza, na hivyo ndivyo walivyoendelea. Kila ilipofika zamu yake, yule jasiri alisali, alifumba, alirusha, na mti fulani usio na hatia ulipata kipigo. Lakini hakuruka kikapu. La hasha! Aliifuata diski miibani, aliitoa chini ya magogo, aliivuta kutoka kwenye tope lenye harufu ya chura, akaifuta kwa khanga, akasali, akarusha. Kikapu cha kwanza kikaanguka mikononi mwake. Cha pili kikajisalimisha baada ya kuzingirwa pande zote. Kwenye cha tatu diski iligonga minyororo, chwaa!, Mama Pasi akaruka kwa shangwe, na diski ikateleza ikaanguka chini nje.

"Kelele siyo kuingia, wifi," alisema Muhuri. "Hata mlango hulia na mtu asiingie."

"Tutaonana tena," Mama Pasi aliuambia mnyororo, akaiokota diski.

Walipokuwa kwenye kikapu cha nne, likatokea kundi jingine nyuma yao: daktari wa meno na rafiki zake watatu, watu wa mbio na kofia nzuri. Waliwakuta wenzao wameinamisha vichwa kati ya miti, na mwanamke mmoja akiomba kwa sauti nzito kwa ajili ya wajane, wagonjwa na wote walio njiani. Daktari akavua kofia. Rafiki zake wakavua. Wakasimama kimya, na mmoja wao akaanza kupangusa macho.

Sala ilipotulia kidogo, daktari akamsogelea Fundi Baiskeli kwa unyenyekevu.

"Poleni sana, ndugu yangu. Ameondoka lini?"

"Hajaondoka," alinong'ona Fundi Baiskeli. "Bado hajarusha."

"Amina!" akasema Wifi Muhuri, na diski ikaruka.

Daktari alibaki na kofia mkononi. Wakamwambia apite mbele, kwa kuwa wao walikuwa wa polepole; lakini alikuwa mtu aliyelelewa. "Siwezi kuwapita watu wanaosali," alisema. "Mama yangu akisikia!" Basi wakabaki nyuma wote wanne, wakifuata kikapu hadi kikapu, na walipofika cha sita, nao walikuwa wakiitikia "Amina" kwa sauti za kiume, na msitu ukavuma kama kanisa siku ya sikukuu.

Lakini jua, ambalo halingoji mtu asali, lilikuwa limeanza kushuka.

"Dada," alisema Fundi Baiskeli kwa woga, "pengine tungefupisha kidogo. Geti..."

"Unaniambia mimi nifupishe sala?"

"Hapana, dada. Namwambia jua."

Cha saba kikashindwa. Cha nane kikashindwa, ingawa kilimng'ang'ania yule mama hadi jasho likamwingia machoni, na hivyo akayafumba mara mbili. Ndipo wakafika kwenye cha tisa, ngome ya mwisho. Njia yake ilikuwa nyembamba, miti imebanana pande zote kama watu kwenye dirisha la posta siku ya pensheni, kisha inapinda, na kikapu chenyewe kimejificha nyuma ya pinda hilo, kisionekane ila utepe wa njano ulio kichwani mwa nguzo. Wifi Muhuri akarusha, akafuata, akamaliza, akabaki amesimama kule nyuma ya miti, peke yake kando ya kikapu, akingoja.

Mama Pasi akasali. Akafumba. Akarusha. Sauti ya diski ikaenda, ikaenda, ikakatika juu.

Alipofumbua macho, akaiona diski yake imekaa kwenye panda ya mti mwembamba, juu kuliko kimo cha mtu aliyebebwa na mtu, imetulia kama ndege aliyetaga.

"Nipande?" aliuliza Fundi Baiskeli.

"Mkono ni wake mwenyewe!" ilisikika sauti ya Muhuri kutoka nyuma ya miti. Hakuona, lakini alijua.

Mama Pasi akavua kiatu cha kulia, akakirusha juu. Kiatu kikanasa. Akavua cha kushoto, akakituma kikamkomboe ndugu yake, nacho kikanasa. Sasa pale juu palikuwa na diski na jozi ya viatu, na pale chini palikuwa na mwanamke peku. Daktari wa meno alijitolea kiatu chake pia, akakataliwa kwa shukrani.

Wakati huohuo filimbi ikalia, na mlinzi akatokea kwenye njia, funguo zikigonga kiunoni mwake.

"Jamani, nafunga. Kila mtu nje."

"Baba, kimebaki kimoja," alisema Mama Pasi.

"Mama, kila siku kinabaki kimoja. Kesho kipo."

"Kwangu mimi kesho hakipo, baba." Naye akamweleza yote palepale: sweta, sungura, shule, Jumanne na Alhamisi. Mlinzi akamtazama mwanamke aliye peku, akatazama viatu mtini, akalitazama sweta la mkono mmoja.

"Kurusha mara moja tu," alisema hatimaye. "Moja! Ikiingia, isipoingia, nafunga. Na sala iwe fupi."

Ndipo mkaona, enyi mnaosikia, nguvu iliyofichwa katika mikono ya kazi! Mama Pasi akaukumbatia ule mti mwembamba. Mikono iliyokamua mablanketi mazito hata yakatoa tone la mwisho iliushika, ikausokota huku na huku, na mti ukalia, ukayumba, ukatapika vyote ulivyomeza: kiatu, kiatu, matawi makavu, na mwisho diski ya machungwa, iliyotua mguuni pake kama mdeni aliyechoka kujificha.

Akaiokota. Hakuvaa viatu. Akasimama chini ya mti ule, akautazama utepe wa njano pale mbali, akajua moyoni kwamba desturi yote ya maisha yake ilikuwa inamvuta afumbe macho. Akavuta pumzi.

"Bwana," alisema, "leo utanisamehe. Nakuomba huku naangalia."

Wote wakainamisha vichwa. Mlinzi naye akainamisha, funguo zimeshikwa zisilie.

"Amina!" wakanguruma wote kwa pamoja.

Na diski ikatoka mkononi mwake kama shuka jeupe linalokung'utwa kabla ya kuanikwa, bapa, tulivu, bila kutikisika. Ikapita kati ya mti wa kwanza na wa pili. Ikapita kati ya wale waliobanana, ambapo hata upepo huingia kwa ubavu. Ikafika kwenye pinda, ikainama kidogo kama inayomsalimu mkubwa, ikapotea nyuma ya miti.

Chwaa!

Kisha kimya.

Hakuna aliyeruka. Wote walikumbuka kikapu cha tatu. Kelele siyo kuingia. Na nyuma ya ile miti, mahali ambapo jicho la mumewe halikufika, wala la daktari, wala la mlinzi, alikuwapo mtu mmoja tu aliyejua, naye ndiye ambaye jambo hili lingemnyima jioni zake mbili za kila wiki. Ilitosha aseme "imeanguka." Hata kusema asingehitaji, kidole kimoja kingetosha, na nani angemwona ila Mungu?

Mama Pasi alisimama peku juu ya majani makavu. Fundi Baiskeli aliishika chupa ya chai kwa mikono yote miwili, mmoja umefunikwa na mwingine hauna sweta. Yule mlinzi, aliyekuwa na haraka kuliko wote, alikuwa amelisahau geti lake.

Ndipo ikatoka nyuma ya miti ile sauti ya Dirisha la Mwisho, kavu, wazi, sauti ambayo haijawahi kugonga muhuri juu ya kitu kisicho sawa:

"Imo!"

Ee msitu, kwa nini hukuanguka! Daktari wa meno alirusha kofia yake nzuri, ikanasa kwenye mti ule ule, naye hakujali. Rafiki zake walikumbatiana na mlinzi, mlinzi akawakumbatia, funguo zikapiga ngoma. Fundi Baiskeli alimbeba mkewe, akashindwa, akamshusha, akambeba tena kwa sababu ya heshima. Wakakimbia wote kulipita lile pinda, na tazama, diski ya machungwa imelala ndani ya kikapu, na minyororo bado inatikisika juu yake, na Wifi Muhuri amesimama kando, mikono nyuma, mbali kabisa na kikapu, asije mtu akasema aliisaidia.

Wawili hao wakatazamana.

"Umeona mwenyewe, wifi?" aliuliza Mama Pasi.

"Nimeona ikija. Nimeona ikiingia. Nilikuwa naomba ianguke, nisikufiche." Akakohoa. "Sikujibiwa."

Akavua kofia, akajipepea, akatazama upande mwingine, upande wa geti. Kisha, kwa sauti ndogo ambayo posta nzima haikuwahi kuisikia, akauliza:

"Na hiyo pasi yako, wifi, huwa inawashwa wapi?"

Basi ijulikane kwa walio karibu na walio mbali, kwamba siku ile, kabla geti halijafungwa, vikapu tisa vya msituni viliangushwa na mwanamke peku mwenye diski moja, na sweta lilishuhudia. Andikeni haya, enyi mnaojua kuandika, na mfanye haraka. Maana mkichelewa kidogo tu, mwenyewe atayaandika.